Siku Chini Alipokuwa Mteja

Naandika hii haraka. Nikikaa nayo nitaanza kuiremba, na haina urembo wowote.

Chumba chetu kiko Al Mansoura, hapa Doha, vitanda vitatu vya dabodeka, wanaume sita, dirisha moja linaloangalia ukuta wa jirani. Mimi nalala juu. Kitanda cha chini yangu alikuwa analala jamaa wa Webuye, mtu mzima, ana bibi na watoto, mikono kama ya mtu wa kuponda kokoto. Kwa sababu hiyo chumba kizima kiliniita Juu, na yeye kikamwita Chini. Hata simu yake nimeisevu hivyo. Sote ni walinzi wa kampuni moja, tunasimama kwenye milango ya mall kwa suti nyeusi ambazo zimeshonewa watu wengine.

Wakati huo nilikuwa na onyo la mwisho. Mteja mmoja alinirushia kikombe cha kahawa ya barafu kifuani, kwa sababu nilimwambia gari haliwezi kukaa mbele ya mlango. Mimi sina subira, hiyo najua tangu shule. Nilimsukuma kwa mikono miwili akaketi sakafuni mbele ya watoto wake. Kamera ilionyesha yeye ndiye alianza, hiyo ndiyo iliniokoa. Kampuni ikasema nirudie zoezi la mteja. Nikipita, nabaki. Nikifeli, tiketi. Kwetu hakuna mtu huuliza tiketi ya kwenda wapi.

Na mimi sikuwa tayari kurudi. Kule Moi's Bridge mama yangu alishasimama kanisani akashukuru Mungu kwa sababu ya kijana wake aliye Qatar. Kurudi kabla mkataba uishe ni kuvuliwa nguo sokoni.

Zoezi la mteja liko hivi. Mkufunzi anapanga viti vya plastiki kama mlango. Mlinzi anasimama hapo. Mwenzake anaitwa acheze mteja mkorofi, anakuja na matusi yote anayoyajua, ila hagusi. Wewe unaweka mikono wazi mbele ya tumbo, sauti chini, unasema, "Naelewa, sir." Ukikunja ngumi, umefeli. Hata ukiikunja nyuma ya mgongo, mkufunzi anazunguka kuangalia.

Hakuna aliyekuwa bora kwa zoezi hilo kama Chini. Alikuwa mfano wa kampuni. Miaka ya nyuma, kabla nije, mwenye gari moja kubwa alimtupia funguo usoni akitaka apelekewe gari kuegeshwa, na Chini aliposema yeye si dereva, akachapwa kofi mbele ya watu. Chini akaokota funguo, akampa kwa mikono miwili, akamwambia siku njema, sir. Walinzi wapya wote wanahadithiwa. Yeye mwenyewe sikuwahi kumsikia akiitaja. Ukimuuliza anasema, "Ilipita," halafu anauliza kama unga upo.

Basi Ijumaa, wale wa kanisa wameshatoka kanisani na wale wa msikiti wameshatoka msikitini, tukaweka muvi ya Kikorea. Tulikuwa na Mganda mmoja chumbani ambaye kwao alikuwa anatafsiri muvi kwenye kibanda cha video. Hajui Kikorea hata kidogo. Anasoma yale maandishi ya chini kwa jicho moja, anabandika Kiswahili chake, na akichoka kusoma anatunga. Bila yeye hakuna aliyetaka kuangalia kitu.

Hiyo muvi ilihusu waigizaji wawili, marafiki. Mmoja anatakiwa kumchukia mwenzake mbele ya kamera na hawezi. Analia vibaya, anapiga vibaya. Sasa yule rafiki anaamua kumsaidia. Anamwambia mambo ya kweli, ya kaka yake aliyekufa maji, ya mke wake. Anamchapa kweli kweli. Yule anaanza kurudisha. Director anaona, anakataa kusimamisha kamera.

"Bassebo, mabwana, angalieni!" Mganda alikuwa amepanda juu ya ndoo. "Huyu anasema, mimi nakupenda ndio maana nakupiga! Mwingine anasema, basi nipende kidogo kidogo! Director anasema, hapana, wacheni wapendane mpaka hospitali!"

Tulicheka mpaka mtu wa chumba cha pili akagonga ukuta. Lakini mwisho ulifika yule mmoja amelala chini na damu, kamera inaendelea, na haujui kama amekufa kwa muvi yao au amekufa. Ikaisha hivyo. Nilikasirika. Mimi nataka kujua.

"Amekufa ama hajakufa?" nikauliza.

"Kwa hii ya kwangu amekufa," Mganda akasema. "Ya Wakorea sijui."

Chini hakucheka. Alikuwa ameketi kitandani na sufuria ya maharagwe mapajani, anachambua mawe, ameshika jiwe moja muda wote kati ya vidole.

"Hiyo ndiyo njia," akasema. "Juu, wewe ulifeli kwa sababu pale kwa mafunzo tunatukanana kama watoto wa nasari. Punda, ng'ombe, rudi kwenu. Nani anaumia na hiyo? Mteja wa kweli anakupata mahali hukujua unauma. Shuka."

"Saa hii?"

"Jumatano unafanya zoezi. Unangoja nini? Shuka."

Nikashuka. Nilikuwa na hamu hata. Tukasukuma meza, tukaweka viti viwili viwe mlango. Tulikubaliana neno moja: nikisema khalas, anaacha. Mwenzetu mmoja wa chumba, mtu wa Mombasa, alikuwa amelala na mto kichwani, wengine walikuwa kazini, kwa hivyo watazamaji walikuwa Mganda peke yake, na Mganda akarudi juu ya ndoo yake akaanza kutafsiri kama bado ni muvi.

"Mteja ameingia! Ana suti ya gharama! Ana harufu ya udi mpaka Umm Salal!"

Chini akaja. Alianza na yale ya kawaida, punda, mjinga, nani alikufundisha kusimama. Mikono yangu ilikuwa wazi. "Naelewa, sir." Nilikuwa karibu kucheka.

Akasogea. Akashusha sauti. "Wewe ni yule alikuwa chini ya kitanda."

Mimi nilimwambia hiyo hadithi mara moja tu, taa zimezimwa, kila mtu kwa kitanda chake. Nilimwambia kwa sababu hakuwa ananiona. Baba yangu alikuwa anampiga Mama na mshipi wa ng'ombe, ule wa kufungia miguu wakati wa kukamua, na mimi nilikuwa naingia chini ya kitanda nashika mguu wa kitanda na mikono miwili. Nilikuwa mkubwa wa kutosha kukimbia kwa majirani. Sikukimbia.

"Mama yako anaita jina lako," Chini akasema. "Anakuita, wewe umeshika mbao. Mbao ndiyo mama yako?"

"Naelewa, sir."

"Anaelewa!" Mganda akapiga makofi. "Jamaa ni chuma!"

Chini akanipiga kofi. Hatukuwa tumekubaliana kofi, lakini hatukuwa tumekataza pia. Sikio likalia. Mikono wazi. "Naelewa, sir." Akapiga lingine, upande uleule. Akanishika tai, maana nilikuwa nimevaa sare ndio ifanane na kazi, akanivuta mpaka nikanusa kitunguu mdomoni mwake.

"Mwanamume mzima! Unapigwa unasema naelewa! Unaelewa nini? Eh? Unaelewa nini, mbwa wewe?"

"Sir, tafadhali tupunguze sauti."

Nilikuwa najivunia. Nitasema ukweli, katikati ya yale makofi nilikuwa najiona nimeshapita zoezi, nimeshabaki Doha. Kila kofi nililivumilia nililihesabu kama langu. Ile khalas ilikuwa mdomoni lakini nikaona nikiisema hapa, Jumatano pia nitaisema.

Kisha sauti yake ikabadilika. Haikuwa ya Webuye tena. Akaanza kuongea Kiingereza cha puani, cha mtu ambaye hajawahi kurudia neno maishani. "Chukua gari," akasema. "Chukua gari, we. Hutaki? Chukua!" Akafikia juu ya meza, akashika funguo zetu, zile za mlango na za kabati zote pamoja, akanitupia usoni kwa nguvu zake zote.

Zilinipata juu ya jicho. Niliona nyeupe. Halafu nikahisi kitu cha moto kinashuka kwenye pua. Nikasikia yule wa Mombasa akiamka anauliza kuna nini. Chini alikuwa bado anakuja. Alinipiga ngumi ya tumbo, nikainama, akanipiga mgongoni kwa kiwiko, nikaangukia kile kiti, na hata hapo chini aliniongeza teke la paja huku anasema kwa Kiingereza, "Okota! Okota! Okota!"

Mganda alikuwa amenyamaza. Hapo ndipo nilijua. Huyo mtu hajawahi kunyamaza muvi ikiendelea.

Yule wa Mombasa ndiye alimrukia kwa nyuma. "We! We! Mtaua mtoto wa watu! Hiki ni chumba cha kulala au machinjioni?"

Chini akasimama anahema. Akaangalia mkono wake, pande zote mbili, kama mtu ameokota kitu hajui ni cha nani. Uso wake, na hii ndiyo iliyoninyima usingizi usiku, ulikuwa umetulia. Ulikuwa na raha. Nimewaona watu wakitoka kuoga maji baridi baada ya shifti ya nje ya Agosti, ndivyo alivyokuwa. Kisha raha ikamtoka. Akachukua sufuria ya maharagwe, akaenda jikoni kuyaosha.

Hakusema pole.

Siku zilizofuata alinipikia. Alinipigia sare pasi. Alininunulia plasta ya rangi ya Wazungu, ikakaa usoni pangu kama stempu. Asubuhi alikuwa anasema, "Juu, chai," na mimi nakunywa, na tunapanda basi. Kila dakika nilikuwa nangoja neno moja tu kutoka kwake, na kila dakika halikuja, na nilikuwa najiambia, sawa, alikuwa anaigiza, mtu haombi msamaha kwa kuigiza. Mganda alijaribu kuleta mzaha, akasema Wakorea wananitafuta kwa sehemu ya pili. Nilimwambia akirudia nitamtoa jino. Nilijishangaa, maana nilimaanisha.

Jumatano tukapelekwa Umm Salal, kwenye ua wa kampuni ambapo mafunzo hufanywa. Walinzi kama ishirini walikuwa wameketi kwenye kivuli cha mabati. Mkufunzi ni mwanajeshi wa zamani, mtu wa Kiingereza kifupi, Kiswahili hajui hata jambo. Akaangalia jicho langu.

"Nani alikupiga?"

"Niliteleza bafuni, sir."

"Bafu ina ngumi?"

Watu wakacheka. Hakuuliza zaidi. Akapanga viti, akaniweka mlangoni, akatazama ile safu ya wanaume, na akamwita mfano wa kampuni. "Wewe. Njoo uwe mteja."

Chini aliinuka polepole. Mimi nilikuwa tayari. Acha niseme nilivyokuwa tayari: alete baba, alete mama, alete kitanda na mshipi, alete funguo. Nilikuwa nimeshayasikia yote na yalikuwa yamekufa ganzi. Mikono wazi. Nilitaka aje.

Akaja. "Wewe punda," akasema kwa Kiingereza, lakini sauti haikufika hata safu ya pili.

"Sauti!" mkufunzi akapiga kelele. "Huyo ni mteja au ni padri?"

"Punda. Mjinga. Rudi kwenu."

"Naelewa, sir."

Akasimama mbele yangu. Nikaona anaangalia plasta. Halafu akageukia Kiswahili, chini chini, mkufunzi asielewe.

"Juu, ndugu yangu, nisamehe. Ile siku sikuwa naigiza."

Nilimpiga.

Sikuamua. Mkono ulitoka wenyewe, ule wa kulia, kwa nyuma ya vidole, na ulimpata mdomoni. Hakuna tusi ambalo nilikuwa sijajifunza kulibeba, lakini hilo neno moja hakuna aliyenifundisha. Nilikuwa nimelingoja chumbani siku zote hizo, yeye akalileta hapa, mahali ambapo siruhusiwi kusogea. Walinzi wote wakasimama. Damu ilikuwa kwenye meno yake. Nikafikiria mama yangu amesimama kanisani.

"Tiketi," mtu mmoja akanong'ona kwenye kivuli. Nilimsikia vizuri.

Mkufunzi alikuwa anakuja na faili lake la matokeo. Chini akamkatiza njia.

"Sir, nilimwambia anipige."

"Nini?"

"Kwa Kiswahili, sir. Nilimwambia anipige, ndio hawa wapya waone kosa linafananaje. Wanaambiwa tu usikunje ngumi, hawajawahi kuona. Tulipanga. Ni kuigiza, sir."

Mkufunzi akamwangalia, akaniangalia. Si mjinga huyo mtu. Alikuwa anajua, na mimi niliona anajua. Lakini mfano wa kampuni alikuwa amesimama mbele ya watu ishirini na amesema.

"Mlipanga."

"Ndiyo, sir."

"Wewe," akanigeukia. "Mlipanga?"

"Ndiyo, sir."

"Vizuri. Basi rudieni. Huku nyuma hawakuona."

Nilifikiri ni mzaha. Akarudisha viti vilivyosukumwa. Akawaambia walinzi wasogee karibu, wale wafupi mbele. Chini akarudi mahali pake, akafuta mdomo kwa mkono wa shati, akanisogelea ile hatua ileile.

"Piga," akasema kwa Kiswahili. "Piga kama ile. Ukipiga laini atajua, unarudi kwenu leo."

"Siwezi."

"Juu. Usiwe mtoto. Piga."

Sasa hasira haikuwepo. Niliitafuta, haikuwepo. Ilikuwa imeishia kwa lile kofi la kwanza. Kwa hivyo ilibidi nifikirie. Nilifikiria mkono uende wapi ndio sauti itoke, ndio mtu wa nyuma aone. Niliona mdomo wake umeshapasuka, nikaogopa kupiga hapo tena, nikachagua pembeni. Nikachukua nafasi. Nikafungua kiganja chote, nikazungusha bega kama mtu anayefunga mlango mzito, nikampiga sikioni.

Sauti yake ilikuwa kubwa. Ile ya kwanza haikuwa na sauti kama hiyo. Alianguka juu ya kiti cha plastiki, mguu wa kiti ukavunjika, akaketi kwenye mchanga miguu mbele kama mtoto. Walinzi wakapiga makofi. Walipiga makofi kweli, mtu mmoja akapiga mluzi.

"Hilo," mkufunzi akasema, "ndilo kosa. Mmeliona? Ketini."

Kisha yeye mwenyewe akawa mteja. Alinitukana dakika chache. Sikumbuki alisema nini. Kuna mahali alinipigia kelele mpaka mate yakanipata, na mikono yangu ilikuwa wazi, imekaa hapo mbele ya tumbo kama vitu vya mtu mwingine, na nilikuwa nasema naelewa, naelewa. Akatia sahihi. Nimepita. Nikaambiwa kesho niende mlango wangu uleule.

Kwenye basi nilikaa kando yake upande wa dirisha. Chini alikuwa ameweka tishu sikioni.

"Hamia huku," akasema. "Huko sikusikii."

Nikaruka miguu yake nikakaa upande wa pili. Nje kulikuwa na mashamba yale ya uzio wa nyavu, halafu magari, halafu magari zaidi. Basi lilikuwa kimya, watu wamelala midomo wazi.

"Ungesema khalas ile siku," akasema.

"Wewe ungesema leo."

Akacheka kidogo halafu akashika taya kwa maumivu.

"Ile ya kwanza ulikuwa na hasira," akasema. "Hiyo nilistahili, hata haikuniuma. Lakini ya pili, bwana. Ya pili ulinilenga."

Nilitaka kumwambia ile ya pili nilimpiga kwa sababu aliniambia, kwa sababu yake, kwa sababu ya kubaki. Yote ni kweli, na nilijua pia vile nilichagua mahali.

Tulipokuwa tunaingia mjini alitoa ile tishu, akainamisha kichwa karibu na bega langu kama mtoto anayetolewa chawa.

"Angalia kama kuna damu."

Nikaangalia. Nilisogeza mpaka mwanga wa dirisha ukaingia vizuri ndani ya sikio.

"Hakuna," nikasema.

Akainua kichwa, akaniangalia usoni.

"Unaigiza vibaya sana, Juu," akasema, na akarudisha tishu.

Basi likasimama. Nilichukua begi lake na langu, nikamwambia hatuendi chumbani kwanza, tunaenda kliniki, na aliposema "Eh?" nikalazimika kupiga kelele mpaka basi zima likaamka.